Bomba la Kung'aa Halikupi Farasi Hata Mmoja

Nianze na jambo litakalowaudhi wengi. Yale mabomba ya hewa ya kung'aa, yenye chujio la umbo la koni, mnayofunga kwenye Subaru zenu za turbo hapa Nairobi, mengi yanapunguza nguvu za gari. Kinachoongezeka ni kelele tu.

Najua mtakachosema: "Lakini nikikanyaga naisikia inavuta!" Ndiyo, unaisikia. Kiwanda kiliweka sanduku la plastiki na vyumba vya kuzima mlio. Ukivitoa, turbo inasikika ikipumua. Sikio lako si mashine ya kupima nguvu.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, si kushika spana. Lakini gari la turbo la siku hizi ni programu yenye magurudumu, na ndiyo maana jambo hili linanikera. Tazameni linavyofanya kazi. Ndani ya bomba, baada ya chujio, kuna sensa ya MAF. Ni kijiwaya kinachopashwa moto, na hewa inayopita inakipoza. Kadiri hewa inavyokuwa nyingi ndivyo umeme mwingi unavyohitajika kukirudishia joto. Sensa inapeleka volti kwa kompyuta ya injini, na kompyuta inatazama jedwali: volti kadhaa ni gramu kadhaa za hewa kwa sekunde. Kutokana na hapo inaamua petroli kiasi gani imwagwe.

Sasa sikilizeni. Jedwali hilo liliandikwa kwa bomba la kipenyo kimoja tu. Ukihamisha sensa ile ile kutoka bomba la milimita 65 hadi la milimita 70, eneo la shimo linaongezeka kwa asilimia 16. Hewa ni ile ile lakini inapita polepole zaidi mbele ya kijiwaya, na kompyuta inadhani hewa imepungua kwa asilimia 14 hivi. Petroli nayo inapungua hivyo hivyo.

Kwa mwendo wa taratibu hutaona kitu. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosti inagundua kasoro na kompyuta inarekebisha. Ukikanyaga mpaka chini, kompyuta nyingi za magari haya zinaacha kuisikiliza sensa hiyo na kutegemea jedwali. Mahali ulipotakiwa uwe na uwiano wa hewa na petroli wa 11 kwa 1, unakaribia 12.8, ukiwa na busti kamili. Joto linapanda, injini inaanza kunoki, na pistoni zinapasuka penye vijia vya ringi. Wenye EJ25 ya turbo wanajua ninachozungumzia.

Mwaka 1999 NASA ilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kwa sababu programu moja ilitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza na nyingine ikazisoma kama vipimo vya metriki. Hakuna aliyekosea hesabu. Walibadilisha maana ya namba bila kuiambia programu ya upande wa pili. Ndicho unachofanya ukibadilisha kipenyo bila kugusa jedwali, tofauti ni kwamba wewe unakwenda Naivasha na familia.

Haya, niwape haki yao wauzaji, kwa sababu wana hoja moja ya kweli. Kizuizi kabla ya turbo ni kibaya kuliko kizuizi cha aina ile ile kwenye injini ya kawaida, kwani turbo inazidisha kile inachopokea. Nasi tunaanza na hasara: Mombasa hewa ina shinikizo la kPa 101, Nairobi ni kama 83. Kwa hiyo swali ni hili: sanduku la kiwanda linazuia kiasi gani?

Hilo linapimika kwa pesa ya chai! Nunua mrija wa plastiki unaopitisha mwanga, uupinde kama herufi U kwenye ubao, tia maji yenye rangi. Mwisho mmoja uunge kati ya chujio na turbo, mwingine uache wazi. Acha kitanzi kirefu ili maji yasinywewe na injini. Mwenzako aendeshe, wewe usome. Tofauti ya sentimita 10 kati ya maji ya upande huu na ule ni takriban kPa 1.

Kwenye Forester yangu, chujio la karatasi likiwa jipya, nilipata sentimita 22 kwa nguvu zote. Hiyo ni kPa 2.2. Maana yake ili kufikisha kPa 183 kwenye injini, turbo inazidisha mara 2.26 badala ya 2.20, na kompyuta inayodhibiti busti inafidia hapo hapo. Hiyo ndiyo hazina yote unayoifukuzia, na ungeipata yote kama bomba lako jipya lisingezuia chochote kabisa, jambo lisilowezekana.

Upande wa pili wa mizani kuna joto. Sanduku la kiwanda linavuta hewa ya nje kutoka mbele ya gari. Koni yako imekaa wazi chini ya boneti, jirani na turbo. Hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 25 kwa karibu asilimia 10. Intakula itarudisha sehemu, sawa, lakini kwenye magari haya intakula yenyewe iko juu ya injini, na ukitoka kwenye foleni ya Mombasa Road imeshaiva. Umelipa ili uvute hewa ya jikoni.

Na vumbi je? Barabara zetu za murram si za Uingereza. Magari ya Subaru yaliyoshinda Safari Rally mwaka 1997 na 2000 yalipandishiwa bomba la kuvutia hewa hadi ubavuni mwa kioo cha mbele. Wale walikuwa na wahandisi na fedha, na waliitafuta hewa safi juu. Wewe unaitafuta nyuma ya taa. Tena zile koni za kitambaa cha mafuta, ukizipaka mafuta kupita kiasi, yanakwenda kukaa kwenye kijiwaya cha MAF, na hesabu zinaharibika upya.

Kabla ya kununua chochote, kagua mpira unaotoka kwenye sanduku kwenda kwenye turbo, ule unaopita chini ya manifoldi. Ukiwa mzee unapasuka, na hewa inayoingilia hapo haikupimwa na mtu. Nimeona watu wenye bomba la kung'aa mbele na mpira uliopasuka nyuma yake.

Ukitaka kujenga lazima, jenga, sikukatazi. Fundi wa jua kali wa Kariobangi anachomelea vizuri sana akipewa vipimo, shida ni kwamba hapewi. Mpe kipenyo cha ndani sawa na cha kiwanda pale sensa inapokaa, kipande kilichonyooka kabla yake, na kisanduku kilichofungwa kinachovuta hewa ya nje. Mwambie asafishe mabaki ya kuchomelea mpaka bomba ling'ae ndani kuliko nje, maana bawa la turbo linazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na punje moja ya chuma inatosha. Kisha chukua RomRaider, ni ya bure na msimbo wake uko wazi, usome masahihisho ya petroli na ya kunoki kabla na baada. Ukiona masahihisho yameruka, rekebisha jedwali au rudisha sanduku.

Na nyinyi wauzaji. Nilikwenda duka moja mjini nikauliza swali moja: kipenyo cha ndani penye sensa ni milimita ngapi? Nikajibiwa kwamba linaongeza "hosipawa ishirini" na linapatikana pia kwa rangi nyekundu. Andikeni kipenyo kwenye boksi, ni namba mbili tu. Mtakaponionyesha hata bomba moja lililoandikwa hivyo, nitalifunga kwenye Forester, nitalipima kwa mrija wangu wa maji, na matokeo nitayaweka hapa yalivyo.