FUNDI WA NYUMBANI: Pima Chemba Kabla ya Kufunga Hedi

Silinda hedi iliyopinda kwa joto hupelekwa karakana ikachongwa hadi ilale sawasawa. Lakini kila inapochongwa, chemba ya moto hupungua ujazo. Hapana budi uipime kabla ya kuifunga.

Safisha chemba, kisha funga plagi na valvu, ukipaka grisi kidogo mahali valvu zinapokalia. Laza hedi chemba zikitazama juu, uinamishe kidogo. Funika chemba kwa kipande kigumu cha plastiki inayoona, chenye tundu upande ulioinuka. Ukingo uzibwe kwa grisi. Kwa bomba la sindano, ingiza mafuta ya taa huku ukihesabu mililita, hadi povu la hewa litoke lote. Moto na watoto wawe mbali.

Mililita 1 ni sentimita 1 ya ujazo. Tuseme pistoni husafiri ujazo wa 400, na nafasi ibakiayo juu yake, yaani chemba pamoja na unene wa gasketi, ni 50. Jumla 450, gawa kwa 50: mgandamizo ni 9 kwa 1. Nafasi ikipungua hadi 45, mgandamizo hukaribia 10 kwa 1. Petroli hafifu yaweza kujiripukia yenyewe, injini ikagonga, na hatimaye pistoni ikatoboka.

Pima chemba zote. Zisipolingana, mrudishie fundi hedi yake ukiwa na hesabu mkononi.