Uchambuzi: Mshahara wa msimamizi wa ofisi Gashoho baada ya ramani mpya ya Burundi

Gashoho si makao ya tarafa tena. Mageuzi ya utawala yaliyoanza kutekelezwa mwaka 2025 yamepunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5, na tarafa kutoka 119 hadi 42. Muyinga, uliokuwa mkoa, umeunganishwa na Cankuzo na Ruyigi kuwa Buhumuza, makao yake makuu yakiwa Cankuzo.

Kwa wasimamizi wa ofisi, suala hili ni la mfukoni. Watumishi wa tarafa hulipwa kutokana na mapato ya tarafa yenyewe, yakiwemo ushuru wa masoko na mifugo. Kwa hiyo ukubwa wa soko huamua uwezo wa mwajiri. Tarafa kubwa huenda ikalipa kwa uhakika zaidi, lakini makao 77 yametoweka, pamoja na nafasi za uongozi zilizokuwamo.

Mtumishi wa serikali kuu yuko katika hali tofauti. Mshahara wake wa msingi hufuata daraja, si mahali. Nchini Kenya, posho ya nyumba ya mtumishi wa umma jijini Nairobi huwa kubwa kuliko ya mwenzake wa mji mdogo. Anayehamishwa kutoka Gashoho hadi Cankuzo hubaki na mshahara uleule, ilhali sasa analipia chumba na nauli, katika nchi ambayo petroli imekuwa adimu kwa miaka kadhaa. Na shamba la maharage aliloliacha nyumbani, lililokuwa likilisha familia yake, halikuwahi kuandikwa kwenye hati yake ya mshahara.