SHERIA NA WANANCHI: Talaka Huvuka Mpaka, Masurufu Hubaki Nyuma

Wako watu wengi wanaoamini ya kuwa hukumu ya korti, ikiisha kutolewa, humfuata mtu popote aendapo. Sivyo. Mwanamke aweza kushinda shauri lake lote, naye asipate hata senti moja, kwa sababu tu mume amevuka mpaka.

Tuseme mume na mke wa Kenya wamekaa Uingereza miaka mingi. Korti ya huko inavunja ndoa yao, tena inamwamuru mume alipe kila mwezi fedha za kumtunza mke na watoto, ambazo hapa nitaziita masurufu. Baada ya mwaka mume anafunga mizigo, anarudi Nakuru, anapata kazi nzuri, na malipo yanakoma.

Habari ya talaka yenyewe si ngumu. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 2014 huikubali talaka ya korti ya kigeni, mathalani ikiwa mmoja wao ana maskani yake ya kudumu katika nchi ya korti ile. Zamani mambo yalikuwa magumu zaidi. Mwaka 1895 majaji wa rufani wa Malkia huko London, katika shauri lililotoka Ceylon (leo Sri Lanka), walisema ya kuwa talaka ni ya korti ya mahali pa maskani, na mke alihesabiwa kuwa na maskani ya mumewe hata kama hawajaonana miaka kumi. Mtu mmoja alijaribu kuitumia kanuni hiyo kama ngao. Alioa Czechoslovakia mwaka 1938, vita ikamtenga na mkewe, akahamia Uingereza. Mke alipata talaka kwao mwaka 1949. Mume akaoa mwingine mwaka 1959, na huyo wa pili alipomshtaki apate talaka, mume akajibu ya kuwa hawakuoana kamwe, kwa kuwa talaka ya yule wa kwanza haikuwa na nguvu Uingereza! Mwaka 1967 majaji wakuu wa Uingereza walimkatalia, wakisema yatosha ya kuwa mke yule alikuwa na uhusiano wa kweli na nchi iliyompa talaka.

Ndugu Waislamu walio Uingereza waangalie jambo moja. Talaka iliyotamkwa kwa mdomo ndani ya nchi ile haivunji ndoa mbele ya sheria ya huko. Ni korti tu iwezayo kuivunja.

Sasa tuje kwenye fedha. Iko sheria ya mwaka 1984 ya kutekeleza hukumu za nchi za kigeni hapa Kenya, nayo huwafaa sana wafanyabiashara wanaodai madeni yao. Lakini sheria hiyo imeyaacha nje masurufu ya kila mwezi ya mke na watoto. Mwenye kuyadai hana budi kupita njia nyingine, yaani Sheria ya Kutekeleza Amri za Masurufu, Sura ya 154, iliyofuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1920. Kwa njia hiyo nakala ya amri iliyothibitishwa hutoka kwa korti iliyoitoa, hupitia mikononi mwa Serikali mbili, na huandikishwa katika korti ya hapa. Ikiisha kuandikishwa, ina nguvu kana kwamba hakimu wetu mwenyewe ndiye aliyeitoa. Lakini ni nchi zilizokubaliana na Kenya tu zilizo na njia hiyo. Muulize karani wa korti kama nchi yako imo, kabla hujamlipa wakili.

Je, kama mke yuko Kisumu, na mume ndiye aliyekimbilia ng'ambo kabla ya shauri lolote? Wengi hukata tamaa hapa bila sababu. Korti ya hapa yaweza kuusikiliza ushahidi wa mke bila mume kuwapo, ikatoa amri ya muda. Amri hiyo haina nguvu bado. Hupelekwa pamoja na maandishi ya ushahidi kwa korti ya mahali alipo mume, naye huitwa ajitetee kwa hoja zile zile ambazo angaliweza kuzitoa hapa. Hakimu wa kule aweza kuithibitisha, kuibadili, kuikataa, au kuirudisha ushahidi uongezwe. Basi mke aseme yote siku ile ya kwanza: karo, kodi ya nyumba, chakula, na mshahara wa mume kama anaujua. Neno lililosahauliwa Kisumu hakuna wa kulisema London.

Tena, sheria ile ya 1920 ilihusu malipo ya vipindi, si fungu linalotolewa mara moja. Mke anayeshawishiwa akubali ahadi ya fungu kubwa badala ya malipo ya kila mwezi na afikiri kwanza mume ataishi wapi mwaka ujao.

Na kabla mume hajapanda ndege, andika jina kamili la mwajiri wake na anwani anakokwenda, uweke na picha yake. Korti ya kigeni haiwezi kumwita mtu isiyejua anakaa wapi.