Tuandikeni Kabla ya Vuli: Waraka wa Wazi kwa Ofisi za Kilimo za Dar es Salaam

Kwa Wakuu wa Idara za Kilimo,
Halmashauri za Manispaa,
Dar es Salaam.

YAH: OMBI LA KUWAANDIKISHA WAKULIMA WA MATUTA

Ndugu Maafisa,



Mimi ni mkulima wa mboga za majani huku Mbagala. Shamba langu ni matuta ya mchicha na matembele chini ya nyaya za umeme mkubwa. Ardhi si yangu na sijawahi kudai kuwa ni yangu. Walaji wangu mnawajua, maana baadhi yenu mmo. Mchicha unaochumwa huku alfajiri unafika Tandika na Temeke Stereo kabla jua halijapanda, na jioni uko sufuriani. Naomba jambo moja kabla ya mengine: mtuandike. Tuingizeni kwenye daftari la wakulima jinsi tulivyo, pamoja na matuta yetu, maji tunayomwagilia na dawa tunazopiga.

Sisemi kwamba ofisi zenu zimelala. Mfugaji mwenye banda la kuku uani ana namba ya simu ya bwana mifugo wake, na kideri kikiingia mtaani anajua ampigie nani. Mwenye ekari zake mbili Mabwepande au Chamazi anaweza kumwita bibi shamba, akaja akatazama mihogo na kushauri. Lakini kati ya banda na ekari kuna sisi, na sisi hatuna mstari kwenye fomu. Mwenzangu mmoja alikwenda kujiandikisha katika ofisi moja ya kata, sitaitaja, akaulizwa ana ekari ngapi. Akajibu, "Matuta kumi na manane." Karani akaacha nafasi wazi, akaendelea na swali la umiliki. Hapo nako pakabaki wazi. Fomu yenye mapengo mawili haiendi popote, na kweli haikwenda.

Ninaelewa kilichotokea. Mwaka 2015 na 2016 ilipozaliwa Manispaa ya Ubungo kutoka Kinondoni, na ya Kigamboni kutoka Temeke, sehemu kubwa ya mashamba iliondoka na manispaa mpya. Kibamba ikaenda Ubungo, Kimbiji na Pembamnazi zikaenda Kigamboni. Yaliyobaki Bunju, Toangoma na Chamazi yanapimwa viwanja kila mwaka. Ukihesabu kilimo kwa ekari, mtu wa Kinondoni au Temeke anaweza kuapa kwamba kilimo kinakwisha. Hesabu kwa mavuno uone. Mchicha hukaa ardhini wiki tatu hadi nne. Kabla hamjafunga ripoti yenu ya robo mwaka, tuta moja limeshavunwa mara tatu. Matembele yakishika ndiyo kabisa, unachuma na kurudi, unachuma na kurudi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 5.3 katika mkoa huu, na mboga za majani hazivumilii safari ya mbali kwenye jua. Kitunguu kitatoka Singida na viazi vitatoka Njombe, lakini mchicha wa leo sharti utoke karibu.

Wala kulima mjini si ukorofi tulioubuni sisi. Katikati ya miaka ya 1970, wakati wa Kilimo cha Kufa na Kupona, serikali yenyewe ndiyo iliyohimiza viwanda, shule na watumishi wa mijini washike jembe. Mwaka 1983 ikaja kampeni ya Nguvukazi, na asiye na kazi Dar es Salaam akaambiwa akalime. Kanuni za kilimo cha mjini za mwaka 1992 zikaweka masharti: mtu asilime zaidi ya ekari tatu, na ng'ombe wa kufungiwa ndani wasizidi wanne. Kilichowekewa mpaka pale ni ukubwa. Udogo wetu haukuwa kosa.

Sasa niseme kwa nini naona jambo hili ni la haraka, na kwa nini si la sisi wakulima peke yetu.

La kwanza ni dawa. Nendeni duka lolote dogo la pembejeo mtaani, mkae pembeni nusu saa. Mkulima wa matuta kumi haingii kununua lita nzima ya kiuatilifu, hana fedha hiyo wala hana pa kuitumia. Muuzaji anafungua chupa kubwa, anamimina kwenye chupa tupu ya soda kwa kipimo cha kizibo, anafunga, anapokea pesa. Dawa inaondoka, lebo inabaki dukani. Na kwenye lebo ndiko kuna kila kitu: jina la sumu, mmea iliotengenezewa, kipimo kwa bomba moja, mkanda wa rangi unaoonyesha ukali wake kuanzia kijani hadi nyekundu, na siku za kungoja kati ya kupiga dawa na kuvuna. Tangu mdudu kantangaze alipoingia nchini mwaka 2014, kila anayelima nyanya anasaka dawa kali zaidi, na masalia ya dawa hizo hayakosi njia ya kufika kwenye mchicha. Nyanya ina ganda, na mkulima anaweza kuiacha shambani siku kadhaa. Mchicha huliwa jani zima.

Hizo siku za kungoja, kwetu nani anazipanga? Mchuuzi. Mama anayenunua tuta zima likiwa bado ardhini hulipa kabla, na huja siku yake, si siku ya dawa. Ukimwambia arudi baada ya wiki, anahamia tuta la jirani, na kodi ya chumba chako haingoji. Wengi wetu hatupigi dawa Alhamisi na kuuza Jumamosi kwa roho mbaya. Hatujui tu kwamba dawa hii inataka siku tatu na ile inataka kumi na nne, kwa sababu maandishi yaliyotakiwa kutuambia hayajawahi kufika mikononi mwetu.

La pili ni maji. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha matokeo ya vipimo vya mboga zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi. Walipima risasi, kadimi, shaba na zinki ndani ya majani, na waliyoyakuta yalitosha kumtia mlaji wasiwasi. Madini hayo yakishaingia kwenye jani hayatoki yote kwa kuosha wala kwa kuchemsha. Zaidi ya miaka ishirini imepita, na bado mkulima wa kando ya Kizinga, Mzinga, Tegeta au Mlalakuwa anachota ndoo yake asubuhi bila kujua maji yake yako kundi gani. Yapo maji yenye vijidudu tu, ambayo mtaalamu anaweza kutufundisha namna ya kuishi nayo: mwagilia shinani badala ya kwenye majani, acha kumwagilia siku chache kabla ya kuvuna, osha mboga kwa maji ya bomba na si ya mtoni. Na yapo maji ambayo dawa yake ni moja, kuyaacha. Kuyatofautisha kwa macho haiwezekani, na ndoo yangu haina maabara.

Ndugu Maafisa, yote haya ni kazi ya ugani kabisa. Tatizo ni kwamba hamwezi kumfundisha msiyejua yuko wapi. Mwaka 2022 taifa lilinunua maelfu ya pikipiki kwa ajili ya maafisa ugani pamoja na vifaa vya kupimia udongo, na bajeti ya Wizara ya Kilimo ikapanda kutoka shilingi bilioni 294 hadi zaidi ya bilioni 900 katika mwaka mmoja wa fedha. Mwaka huohuo ikaja ruzuku ya mbolea, na mlango wake ukawa daftari la wakulima. Mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, nayo inataka kikundi chenye shughuli inayojulikana. Kila mlango unafunguliwa kwa jina lililoandikwa. Asiye na jina hafikiwi na mbolea wala mkopo, na onyo pia halimfikii. Hilo la mwisho ndilo linalonitisha, kwa sababu madhara yake hayaishii kwangu.

Najua hofu yenu. Mkituandika, kesho mtaulizwa kwa nini mmehalalisha uvamizi wa hifadhi ya mto au njia ya umeme. Hofu hiyo ina msingi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa mto, na inakataza ndani yake shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira. Siombi sheria hiyo ipindishwe. Yapo matuta yanayostahili kuondoka mtoni, na ninayasema haya nikijua wenye matuta hayo watanisoma. Lakini andikeni juu ya fomu, kwa herufi kubwa, kwamba kuandikishwa huku si hati wala si ruhusa ya kukaa. Tutatia sahihi. Hospitali humwandika mgonjwa bila kumuuliza kama nyumba anayolala ni yake, kwa sababu anachotaka kujua daktari ni homa.

Na sisi tuna hofu yetu, niitaje ili ijulikane. Mkulima wa bondeni akiona mtu mwenye daftari anawaza mambo mawili, ushuru au bomoabomoa. Mara nyingi mtu wa kwanza kutoka ofisini kufika kwenye matuta huwa mgambo, na mtaalamu hufuata baadaye, kama atafuata. Afisa ugani akija wa kwanza, akaja tena, akaja na la kufundisha, daftari litajaa lenyewe. Wenye matuta tunajuana. Mmoja akiona faida, saa sita mchana bonde zima lina habari.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo.

Kwanza, fomu iwe na mstari wa matuta. Iandike jina na simu, mahali, zao, maji yanatoka wapi, na dawa iliyopigwa mara ya mwisho. Umiliki wa ardhi usiwe sharti la kuandikwa.

Pili, kila kata yenye wakulima wa mboga iwe na siku ya ugani inayojulikana, mahali palepale, asubuhi mapema wachuuzi wakiwepo. Mchuuzi asipofundishwa siku za kungoja, mafunzo ya mkulima hayatashinda shinikizo lake. Na mkutano wa saa nne ofisini hatuuwezi, saa nne tunamwagilia.

Tatu, maji ya kila bonde yapimwe mara mbili kwa mwaka, masika na kiangazi, na majibu yabandikwe kwenye ubao wa serikali ya mtaa kwa Kiswahili cha kawaida: haya yanafaa, haya yanafaa kwa masharti, haya hapana. Palipo na "hapana", pasibandikwe amri ya kuhama peke yake. Paonyeshwe na eneo la kuhamia, hata kama ni uwanja wa taasisi ulio wazi, kwa mkataba wa msimu mmojammoja.

Nne, mkishirikiana na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, maduka ya mitaani yatakiwe kuuza dawa kwenye chupa ndogo zilizofungwa na mtengenezaji, zenye lebo yake. Mkulima mdogo anahitaji chupa ndogo. Hahitaji chupa bubu.

Hakuna hata moja hapo linalohitaji sheria mpya. La kwanza linahitaji karatasi na afisa mmoja mwenye viatu vya matope. Ndiyo maana naomba lianze mwaka huu, kabla ya mvua za vuli za Oktoba, wakati matuta yote yanaonekana na mabonde yanapitika. Mkishindwa mengine yote, fanyeni hilo. Bonde likishakuwa na orodha, atakayekuja baada yenu, awe wa maji, wa afya au wa mazingira, atajua aanzie kwa nani.



Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkulima wa matuta,
Mbagala.

Nakala:
Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu
Maafisa Afya wa Kata
Madiwani wa kata zenye mabonde
Wachuuzi wa mboga, Tandika na Temeke Stereo