Karatasi ya Mgonjwa Isisomwe Langoni



Reli haifiki Meru wala Embu. Sisi wenyeji wa huko tufanyao kazi Nanyuki na Sagana twarudi makwetu kwa matatu, na njia ya kutoka Embu kwenda Meru twaijua kona kwa kona. Hatujasahau tarehe 24 Julai 2022, basi lilipotumbukia katika daraja la Nithi na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Kwa hiyo habari ya ambulansi kwetu si habari ya mbali. Yeyote kati yetu huenda akalazwa ndani yake kesho.

Leo hatutaki kusema juu ya uchache wa ambulansi wala ubaya wa kona. Twataka kusema juu ya ile karatasi. Mgonjwa akichukuliwa, mhudumu wa ambulansi huandika jina lake, saa aliyochukuliwa, ameumia wapi, mapigo ya moyo yanakwendaje, amepewa dawa gani njiani, na kama ana maradhi ya zamani. Karatasi hiyo yapasa kutoka mkononi mwa mhudumu na kuingia mkononi mwa daktari au nesi. Je, ndivyo ifanyikavyo siku zote?

Mwenzetu mmoja wa genge la njia aliugua ghafula akiwa likizo. Ambulansi ikampeleka katika hospitali moja ambayo hatutaitaja jina. Karatasi yake ilitolewa langoni. Askari wa lango akaisoma. Karani akaisoma tena kwa sauti mbele ya watu waliokaa benchini, na mtu mmoja akaipiga picha kwa simu. Kabla mwenzetu hajatoka wodini, ugonjwa wake ulikuwa umejulikana kazini na sokoni. Aliporudi, wapo waliokataa kunywa kwa kikombe alichotumia. Mke wake aliulizwa maswali mlangoni mwa kanisa. Hatutasema ugonjwa huo ni upi, maana tukisema tutakuwa tumefanya kosa lile lile.

Mwenzetu wa pili aliyaona hayo yote. Mwaka uliofuata akavunjika mguu katika ajali ya pikipiki. Mhudumu akamwuliza, "Una ugonjwa wowote?" Akajibu, "Sina." Kumbe alikuwa na ugonjwa wa sukari, naye alikuwa akijidunga dawa kwa siri kwa muda wa miaka miwili. Basi ikaandikwa kwamba hana. Hali ilipogeuka usiku, wauguzi walidhani kwamba kichwa kiligongwa katika ajali. Ukweli ulijulikana alfajiri, mkewe alipofika na dawa zake katika kikapu. Mungu alisaidia, akapona.

Wengine wakamlaumu wakisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli. Lakini sisi twauliza: ni nani aliyemfundisha kuficha? Ni lile lango la hospitali lililomfundisha. Mtu akijua kwamba neno lake litaishia kwa daktari, atalisema. Akijua kwamba litafika sokoni, atanyamaza, hata kama kunyamaza kutamwua. Kwa hiyo wale wasemao kwamba siri ya mgonjwa inazuia kazi ya hospitali wamekosea. Siri ndiyo inayoifanya kazi hiyo iwezekane.

Sisi watu wa reli twaelewa jambo hili kwa kazi yetu wenyewe. Behewa la mizigo haliendi bila hati yake. Hati husema mzigo ni nini, unatoka wapi, unakwenda wapi, na kama ni kitu cha hatari hushikwa namna gani. Behewa likifika bila hati, kuna taabu. Lakini hati haisemi madeni ya mwenye mzigo wala ugomvi wa nyumbani kwake, wala haibandikwi ukutani ili abiria wasome. Hupita kutoka mkono wa mwenye kazi kwenda mkono wa mwenye kazi. Ikiwa gunia la mahindi lapewa heshima hiyo, kwa nini binadamu asipewe?

Tena si jambo geni kwetu. Wamisheni wa Kiskoti walipoanzisha hospitali ya Chogoria mwaka 1922, hapakuwa na motakaa za kutosha, na wagonjwa wengi walifikishwa na jamaa zao. Aliyekubeba alikuwa ndugu yako, naye alijua kufunga mdomo. Na wazee wetu wa Njuri Ncheke hawatoi maneno ya baraza nje ovyo ovyo. Leo tunabebwa na watu tusiowajua, basi yafaa sheria isimame mahali pa undugu.

Nayo sheria ipo. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda mambo ya faragha ya mtu, na kifungu cha 43 kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 yasema habari za mgonjwa ni siri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa habari nyeti, na mkosaji aweza kutozwa faini inayofika hata shilingi milioni 5. Sheria hiyo hiyo inaruhusu habari kutumika pale maisha ya mtu yanapohitaji kuokolewa. Maana yake, mhudumu asiogope kumwambia daktari kila kitu kihusucho matibabu, hata kama mgonjwa amezimia. Amwambie daktari, lakini asimwambie askari wa lango.

Wakubwa wa kazi watasema, "Je, dereva wa treni mwenye kifafa aachwe aendeshe?" Hapana. Hata sisi hatutaki kupanda treni hiyo. Lakini daktari wa kazi amwambie mkubwa neno moja tu: huyu anafaa kazi hii, au hafai, apewe nyingine. Jina la ugonjwa si haki ya msimamizi, wala si sababu ya kumfukuza mtu.

Basi twaomba chama chetu kidai mambo matatu kwa serikali za kaunti za Meru, Tharaka Nithi na Embu, na kwa wenye hospitali. Kwanza, karatasi ya ambulansi ikabidhiwe daktari au nesi peke yake, naye atie sahihi na saa. Pili, askari wa lango na makarani wafundishwe, na atakayepiga picha karatasi ya mgonjwa aadhibiwe. Tatu, pale karatasi zinapoingizwa katika kompyuta, ijulikane ni nani aliyefungua habari za mgonjwa na saa ngapi. NHIF imekwisha, SHA ilianza tarehe 1 Oktoba 2024, na mambo yetu mengi yamo katika mitambo hiyo.

Na ninyi ndugu, mkiwa katika ambulansi semeni kweli. Mkitendewa kama yule wa kwanza, msikae kimya. Leteni habari kwa katibu wa tawi, naye ataipeleka kwa Kamishna wa Data bila kutangaza ugonjwa wenu mkutanoni.