Pikipiki ya Marehemu na Mafungu 32



Ndugu msomaji, umezoea kunikuta katika safu hii nikiwa mwalimu. Wiki hii nakuomba unipokee nikiwa mshitakiwa. Kisa kilianza barazani kwangu, baada ya swala ya alasiri, alipokuja mtoto wa marehemu kaka yangu kunitaka shauri. Kijana huyu ana miaka 19, amemaliza kidato cha nne, na kazi hana. Alikuwa ameonyeshwa njia ya kupata pikipiki ya mkopo, ailipe kila siku kwa muda wa miaka miwili. Nikampigia hesabu ya nyongeza iliyomo na kumwambia, "Hii ni riba, mwanangu. Jiepushe nayo."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa adabu: "Sawa, ami. Na ile pikipiki ya baba iliyoko bandani kwako, ni ya nani?"

"Ni yako," nikamjibu upesi.

"Yangu mimi pekee? Na mama? Na dada zangu?"

Hapo nilishikwa na haya. Kaka yangu alifariki miaka tisa iliyopita, na wazee wetu walikuwa wamekwisha kutangulia. Aliacha mke, mwana mmoja wa kiume na mabinti wawili. Nyumba, minazi na fedha zake ziligawanywa mbele ya Kadhi kama inavyostahiki. Pikipiki, ile Honda CG125 aliyokuwa akiipanda kwenda kusomesha madrasa za mashamba, siku hiyo ilikuwa kwangu. Nikaiona ni kitu kidogo, sikuitaja. Nikaiegesha chini ya makuti, nikasema nitaishughulikia. Kila Ramadhani husomesha mlango wa mirathi msikitini, na kila Ramadhani mirathi ya mayatima ilikuwa ikila kutu hatua ishirini kutoka mlangoni pangu.

Tuipige hesabu pamoja, maana wengi hudhani ni ngumu. Mke, akiwa marehemu ameacha watoto, hupata thumuni. Kilichobaki ni cha watoto, mwana wa kiume akipata mara mbili ya binti. Basi mali ikikatwa mafungu 32, mjane anapata 4, kijana 14, na kila binti 7. Nami, ndugu wa marehemu, maadamu yupo mwana wa kiume, sina hata fungu moja. Nilikuwa nimejibu "ni yako" kama mtu anayegawa kitu chake, na kwa kinywa hicho hicho nikawanyima watatu haki zao. Ndivyo desturi zetu zinavyotupitia: chombo kikiwa ni cha kiume, kama pikipiki, ngalawa au bunduki ya kuvulia, tunawasahau mabinti kabla hata hatujafikiri.

Mafakihi wamesema kwamba mwenye kushika amana halipi kilichoharibika, isipokuwa akivuka mpaka au akizembea. Mimi nilizembea. Kwa hiyo nikamwita shemeji yangu na watoto wote, nikawaeleza, kisha nikasema: "Tutaifufua pikipiki hii. Vipuri nitanunua mimi. Wala isiitwe zawadi, ni deni ninalolilipa."

Nilikuwa sijapata kushika spana maishani. Kijana naye alikuwa anajua kuendesha tu. Fundi mmoja wa mtaani, mzee mwenye subira, alikubali kuja kila Jumamosi kutuelekeza, kwa sharti kwamba mikono iwe yetu. Nayaandika aliyotufunza kwa sababu najua kwamba katika nyumba zetu nyingi kuna chombo kama hiki nyuma ya ua.

La kwanza, alitukataza kupiga kiki. Chombo kilicholala miaka huenda pistoni imeshikamana na silinda, na kukilazimisha ni kukivunja. Tulitoa plagi, tukatia gia ya juu, tukasukuma gurudumu la nyuma kwa mkono. Halikuzunguka. Tukamimina oili kidogo kupitia tundu la plagi, tukaiacha siku tatu. Siku ya nne tulitikisa gurudumu mbele na nyuma, taratibu, mpaka injini ikaachia. Nilimhimidi Mola kama niliyeona mgonjwa akifumbua macho.

La pili, kila kilichofunguliwa kilitiwa ndani ya kopo lake, na kopo likaandikwa. Binti mdogo wa marehemu, mwenye miaka 12, ndiye aliyekuwa karani wetu, kwani mwandiko wake ni mzuri kuliko wa sote. Mimi nilipuuza utaratibu huo siku moja, nikalazimisha skrubu kwa bisibisi isiyo saizi yake hadi kichwa kikalika. Tulipoteza asubuhi nzima kuitoa.

La tatu ni tangi. Petroli ya zamani ilikuwa imegeuka ulimbo, na hewa ya bahari haina huruma kwa chuma. Tuliimwaga nje, mbali na jiko la mkaa. Tukajaza siki usiku na mchana, tukasuza, tukapitisha maji ya magadi kuua ukali wa siki, tukalikausha juani na kulisukasuka na oili kidogo ili kutu isirudi. Kabureta tuliifungua yote, tukazibua vijitundu vyake kwa uzi laini wa shaba uliotolewa katika waya wa umeme. Chujio la hewa lilikuwa kiota cha panya. Juu ya kiti kuku alikuwa ametaga miaka yote hiyo, na hatukumlaumu, kwani yeye ndiye pekee aliyekuwa akifaidika nacho.

Tairi zilikuwa zimepasuka mbavu, mnyororo umeganda, nyaya za klachi na breki hazivutiki. Nilihofia vipuri havitapatikana. Fundi akacheka. Honda ilianza kuunda aina hii katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambazo matengenezo ni haba. Injini yake ni nyepesi kufahamika, vali zake husukumwa kwa fito, na viwanda vingi vya China vimeiga injini hiyo katika pikipiki zinazojaa barabarani kwetu. Vipuri vingi tulivipata mjini Mombasa katika duka la kawaida. Tairi na tyubu, mnyororo na meno yake, viatu vya breki, nyaya, betri, plagi na oili, jumla ilikuwa shilingi 17,400. Nilitoa bila kunung'unika, ingawa nilikumbuka kwamba, lau ningeitunza tangu mwanzo, oili na kitambaa vingetosha.

Ikafika Jumamosi ya tisa. Cheche ya plagi ilikuwa ya samawati, petroli inafika, pointi zimepigwa msasa. Kijana akapiga kiki mara thelathini, jasho likimtiririka, na injini ikakohoa tu. Fundi alikuna kichwa. Niliona uso wa kijana ukianza kufunga, kama ulivyokuwa siku ile barazani, nami nikaanza kutafuta maneno ya kumliwaza. Ndipo karani wetu, aliyekuwa amechutama nyuma, akasema: "Ami, huku ndani ya bomba mna tope."

Nyigu walikuwa wamejenga ndani ya bomba la moshi. Tulilifungua, tukachokoa udongo mkavu kwa fimbo ya waya, tukalirudisha. Kiki ya pili tu, injini ikanguruma. Shemeji yangu alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni. Aliutambua mlio. Hakusema neno, akajifunika uso kwa ncha ya leso, kisha akarudi ndani. Kijana akaizima injini mwenyewe, bila kuambiwa.

Kuwaka kwa injini hakukuwa mwisho wa shughuli. Tulirudi Mahakama ya Kadhi ili pikipiki iongezwe katika orodha ya mali ya marehemu, kwani bila hati ya mirathi logibuku haiwezi kuhamishwa kutoka jina la aliyefariki. Mpaka hati hiyo, bima na leseni vilipokamilika, pikipiki haikutoka uani. Mafundi wawili waliithamini shilingi 48,000, yaani shilingi 1,500 kwa kila fungu. Mjane akawa na 6,000, kila binti 10,500, na kijana 21,000. Kijana alitaka kubaki nayo, hivyo alidaiwa 27,000.

Shemeji yangu alisamehe fungu lake, naye ni mtu mzima anayejua anachokisamehe. Binti mkubwa, aliyeolewa, alisema wazi kwamba atachukua haki yake, ila atasubiri. Mtu mmoja wa ukoo akaguna, "Hata ndugu yake hamwonei huruma?" Nikamnyamazisha. Kudai haki si ukosefu wa huruma, na aliyekuwa ameichelewesha haki hiyo miaka tisa ni mimi. Ama yule mdogo, hakuulizwa. Mtoto hawezi kusamehe mali yake, wala sisi hatuna idhini ya kumsamehea.

Basi kijana analipa shilingi 1,750 kwa mwezi. Miezi sita ya kwanza ni ya mdogo, na fedha zake zinawekwa katika akaunti isiyo na riba iliyofunguliwa kwa ajili yake, safari hii chini ya mama yake. Miezi sita inayofuata ni ya mkubwa. Asubuhi kijana hupeleka samaki kwa wateja, jioni huiosha pikipiki kwa maji baridi ili chumvi isishike. Hajakosa mwezi hata mmoja.

Nawe, ndugu msomaji, kabla ya kulala usiku wa leo, chukua taa uzunguke nyumba yako. Tazama bandani, juu ya dari, chini ya kitanda. Cherehani ya marehemu mama, jahazi lililopinduliwa pwani, baiskeli, saa ya ukutani: uliza ni ya nani, kisha uhesabu mafungu, na usiwaruke mabinti. Ukikuta kutu, anza kwa oili kidogo na subira ya siku tatu. Usipige kiki kwanza.