JE, PROGRAMU IKIBETI BADALA YAKO, KAMARI INAKUWA BIASHARA?



Ndugu yangu katika imani, kuna swali linaloulizwa sana na vijana wetu, hasa walioko Uingereza: "Ustadh, mimi sibeti kama watu wa mikeka. Nina programu inayonunua na kuuza odi yenyewe. Sijali nani anashinda. Hii si biashara?"

Tulielewe jambo kwanza, ndipo tulihukumu.

Katika soko kama Betfair, lililoanza Uingereza mwaka 2000, unabeti dhidi ya mtu mwenzako. Mmoja anasema timu itashinda, mwingine anasema haitashinda, na kampuni inakata kamisheni kwa aliyepata. Programu yako inaweka 10,000 kwamba timu itashinda, kwa odi 3.0. Odi ikishuka hadi 2.5, inaweka dau la 12,000 kwamba haitashinda. Timu ikishinda, unapata 20,000 na kulipa 18,000. Isiposhinda, unapoteza 10,000 na kupata 12,000. Kotekote unabaki na 2,000 kabla ya kamisheni.

Hapo ndipo shetani anapolipamba jambo: "Umeona? Hakuna kubahatisha!" Sasa jiulize maswali matatu.

Kwanza, umeuza nini? Mwenye hisa anamiliki sehemu ya kampuni. Wewe umemiliki nini? Ulichonunua ni dau, na ulichouza ni dau. Kamari mbili ukizijumlisha hazizai biashara.

Pili, hiyo 2,000 imetoka wapi? Imetoka mifukoni mwa waliobeti, na hukuwapa bidhaa wala huduma. Hiyo ndiyo maysir, ambayo Allah katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91, ameitaja pamoja na pombe na kutuamrisha tuiepuke. Tena kabla dau la pili halijawekwa, goli likiingia au intaneti ikikatika, umebaki na kamari tupu mkononi.

Tatu, nani amebeti? Programu haina akili wala haitasimama Siku ya Hisabu. Ni kama mtego. Mtu akitega jioni akaenda kulala, mnyama aliyenaswa usiku ni wake. Basi na dau lililowekwa ukiwa usingizini ni lako, na dhambi yake ni yako.

Usiseme, "Lakini natumia hesabu na takwimu." Ustadi haubadilishi hukumu. Mwizi hodari bado ni mwizi.

Na wewe unayeandika programu hizi kwa malipo, soma aya ya 2 ya sura hiyohiyo. Tumekatazwa kusaidiana katika dhambi.

Ufanye nini? Izime leo, usingoje mechi za wikiendi. Toa mtaji wako uliobaki, huo ni wako. Faida ya kamari iliyoko mkononi usiile wala usiwalishe wanao. Wape mafukara kwa nia ya kujisafisha, si kwa kutaraji thawabu ya sadaka. Kisha utubu kwa kujuta na kuazimia kutorudia.

Elimu hiyo ya hesabu ni neema. Kuna maduka, shule na hospitali zinazohitaji mtu wa kuwatengenezea programu. Shilingi chache za halali zenye baraka ni bora kuliko faida nono utakayoulizwa ulikoipata.

Allah atutosheleze kwa halali yake. Amin.

Mfikishie na ndugu yako.